Fundi Maswali na Jiko la Bibi

Fundi aliyekuja kubadilisha madirisha yetu na kulitengeneza jiko upya alikuwa na jina lake, lakini mtaa mzima ulimwita Fundi Maswali. Siku ya kwanza tu nilielewa kwa nini. Kabla hata hajatoa futi mfukoni, alisimama katikati ya jiko akamwuliza bibi yangu, "Mama, chumvi unaichukua kwa mkono upi?"

Bibi akacheka. "Fundi, umekuja kupima madirisha au kujifunza kupika?"

"Kupima. Ila naanza na wewe. Ukuta utanisubiri."

Nyumba ile babu aliijenga kabla baba hajazaliwa. Fremu za madirisha zilikuwa zimeliwa na mchwa, ukizigonga zinamwaga unga, na dirisha la jikoni tulilifunga kwa kamba kwa sababu komeo lake liling'oka zamani. Makabati yalikuwa yamelala upande. Lakini Bibi, ambaye macho yake yalishafifia akabaki anaona mwanga na vivuli tu, alilijua jiko hilo kwa vidole.

Vidole navyo vilianza kumponza. Mwezi uliopita rafu iliyooza ilianguka, sufuria ya maji ya moto ikammwagikia mkononi. Baba akasema neno moja, na baba akishasema hurudi nyuma kwa shida: jiko litengenezwe, na likimshinda Bibi, atahamia kwa shangazi. Shangazi alikuwa ameshatandika kitanda. Bibi hakubisha. Aliniambia mimi tu, tukichambua mchele, "Huko watanikalisha kwenye kochi. Nitaletewa chai mpaka nisahau inavyopikwa."

Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani nasubiri kazi, basi Fundi akanikabidhi daftari. "Wewe uliyesoma, andika. Mwandiko wangu naujua mwenyewe, na siku nyingine hata mimi unanikataa."

Fundi alimpima Bibi urefu, kisha kwa siku mbili Bibi alipika, Fundi akauliza, nami nikaandika. Chumvi, mkono wa kushoto. Mwiko, usawa wa bega la kulia. Kutoka sinki hadi kwenye moto, hatua mbili fupi. Dirisha hulifungua kwanza, kisha huweka kiganja mezani ajue kama jua limeshafika. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Halafu nami nikaanza kuuliza, mimi ambaye dukani huonyesha kitu kwa kidole ili nisiseme.

"Bibi, unajuaje kitunguu kimeiva?"

"Kinanyamaza. Kikiwa kibichi kinapiga kelele kama watu sokoni. Kikiiva, sauti inashuka."

Niliishi naye miaka ishirini na tatu na sikuwahi kulijua hilo.

Siku ya tatu nilipata ujasiri wa kumwuliza Fundi mwenyewe tabia ile aliitoa wapi. Alikuwa anapiga randa fremu mpya, akaendelea kupiga.

"Ujanani nilimwekea dirisha mzee mmoja asiyeweza kuinuka kitandani. Dirisha zuri sana, nililisifia mwenyewe. Ila nililipandisha juu kama madirisha yote. Mwaka mzima akawa anaona mawingu tu. Chini yake barabara nzima inapita, watu, mbuzi, baiskeli."

"Hakulalamika?"

"Hakuna aliyemwuliza."

Dirisha letu la jikoni alilishusha kiasi cha shubiri moja, ili mwanga uangukie moja kwa moja kwenye meza mpya ya kukatia. Makabati yakaja, rafu zikakaa, komeo likafunga kwa kidole kimoja. Asubuhi ya majaribio baba alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Bibi aliingia peku, akafungua dirisha, akanyoosha mkono wa kushoto. Chumvi ipo. Mwiko upo. Akatabasamu. Lakini alipoanza kukata kitunguu, kiwiko kilipanda juu kama cha mtoto anayekula kwenye meza ya wakubwa. Kisu kikateleza, kitunguu kikabingirika hadi sakafuni. Akajaribu tena, kisu kikapita karibu na kidole gumba.

"Mama, inatosha," baba alisema taratibu.

Bibi aliweka kisu chini. Sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa haina kazi.

Fundi aliinama akatazama kiwiko, akashusha macho hadi miguuni. "Mama, siku niliyokupima urefu, ulivaa nini?"

"Viatu vyangu vya kutokea. Mgeni anaingia kwangu, nimpokee peku?"

"Na ukipika?"

"Nani anapika na viatu vya kutokea?"

Fundi akachukua daftari mikononi mwangu, akalipekua. Mikono ilikuwemo, mabega yalikuwemo, miguu haikuwemo. Nilitamani kujificha kabatini, maana viatu vile nilivifuta vumbi mwenyewe asubuhi ya kupimwa.

"Hili sikuliuliza," alisema, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyepewa zawadi. "Vidole viwili. Mzee, hebu nishikie hapa."

Baba, ambaye hakuja kushika chochote, akajikuta amepiga magoti akiishikilia meza huku Fundi akiipunguza miguu ya meza kwa msumeno, mmoja baada ya mwingine.

Bibi akarudi mezani. Kiwiko kikatulia ubavuni, kisu kikaenda mbio. Mafuta yakapata moto, kitunguu kikapiga kelele, na sote wanne tukasimama kimya tukikisikiliza. Kiliposhusha sauti, Bibi akaipua sufuria kabla yeyote hajamwambia. Vipande vyote vilikuwa na rangi ya asali.

Baba alivitazama, akatoka uani na simu. Kupitia dirisha jipya tulimsikia, "Dada, hicho kitanda kitandue tu. Hapana, haji."

Fundi alikuwa anafuta msumeno. "Mama, na maji je? Unajuaje yamechemka?"

"Vua viatu uje," Bibi alisema, akipapasa birika mahali pake papya.