Kucha Zangu Kifuani mwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana chale nne kifuani, na mimi ndiye niliyezisababisha. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ni mimi. Aibu hii nimeilea tangu miaka ya hamsini.

Tulikuwa Idsowe, karibu na Garsen, mpunga umeanza kuiva, na nyumba nzima ilikuwa imehamia shambani kuulinda. Mchana tuliwinga ndege kwa kombeo na kelele. Usiku tulilala juu ya dungu, ile dari ya miti katikati ya shamba, kwa sababu ya viboko waliotoka mtoni. Sheria ilikuwa moja tu: ukisikia ukelele shamba la jirani, unashika debe na kienge cha moto, unakimbia kusaidia.

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano. Kutwa alikuwa amefukuza ndege mpaka sauti ikamkauka. Usiku mmoja, muda mfupi baada ya kulala, akaketi ghafla, macho wazi, jasho linamtoka, akapiga mayowe kama anayechinjwa. Tulimwita, hakutujua. Majirani wakaja na madebe yao, kiboko hakuna. Usiku wa pili wakaja tena, na mzee mmoja akamwambia mama kwamba kesho hata viboko wamalize shamba, yeye haamki.

Mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka. Usiku wa tatu mtoto alipoanza, mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, nilimziba mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikamfinya kifuani hadi kucha zikazama. Sikuwa na huruma hata chembe.

Asubuhi hakukumbuka kitu. Mama aliona zile alama akasema, "Shetani amemshika." Nilikuwa nakoroga uji, nikaendelea kukoroga. Mganga akaletwa, akamchanja palepale penye alama za kucha zangu. Safari hii mdogo wangu alilia akiwa macho, akiniita mimi nimwokoe.

Tulipovuna tukarudi kijijini, akalala vizuri, na sifa zote akapewa mganga. Alikua akijivunia chale zake, shati halifungwi.

Juzi juzi mjukuu wangu akaanza vilevile. Muuguzi wa zahanati pale Garsen alitueleza kwamba mtoto wa hivyo hupiga kelele akiwa bado usingizini. Asitikiswe, azuiwe tu asianguke, na alale mapema, maana uchovu humzidishia. Wengi huacha wakikua. Nikakumbuka wale ndege.

Mdogo wangu aliposikia, alikuja mbio kumtaja mganga anayemfahamu.

"Dada, mpelekeni achanjwe. Mimi si ndivyo nilivyopona?"

Alikuwa amempakata mjukuu wangu, naye mtoto anazichezea zile chale kwa kidole.

"Hapakuwa na shetani," nikamwambia. "Zilikuwa kucha zangu."

Alinitazama, nami nikatamani anitukane. Alimweka mtoto chini taratibu, kisha akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.