Chimni ya Wakwe

Kabla sijashika mwiko wa fundi nilichunga ndama kule Suneka. Mmoja mwekundu alipenda kulamba ukuta nyuma ya jiko, pale nyanya alipokuwa akiwawekea ng'ombe chumvi. Namfukuza, anarudi. Siku moja nikalamba mimi pia, nijue anafuata nini. Nyumba nzima ilinicheka hadi nikalia. Shule nimekaa kidogo sana. Mengi nimejifunza kwa ulimi.

Ulimi huo ukaja kuniponza nikiwa mtu mzima, baada ya Uhuru, baba mkwe alipopata shamba Nyansiongo, pamoja na nyumba ya mzungu ya mawe, yenye chimni. Ukuta wa chimni ulikuwa na madoa ya kahawia, na unga mweupe ukichomoza kama ukurutu. Fundi wa ukoo si ni mimi? Nikapiga plasta ya simiti, nikapaka chokaa, nikanywa chai kwa maringo. Mvua ikaja, plasta ikabanduka. Nikapiga tena, ikabanduka tena. Mashemeji wakaanza kuuliza kama dada yao aliolewa na fundi kweli.

Niliporudi mara ya tatu, nikalamba ule unga. Chumvi. Baba mkwe akaingia na wageni wa kanisa.

"Mkwe, kwani mama hajakupa chakula?"

Walicheka. Nikafuta mdomo.

"Upande wa pili ni mbaya zaidi," akasema.

Upande wa pili ni chumba chao cha kulala. Kwetu mkwe haingii humo hata nyumba ikiwaka. Ndiyo chinsoni, heshima na aibu kwa pamoja. Nikasema basi, nitatazama kutoka juu ya paa. Juu nako, sasa naona, kulikuwa ni kule kule chumbani.

Lakini ugonjwa niliuona. Simiti kati ya mabati na chimni ilikuwa imepasuka, kidole kinaingia. Maji ya mvua yalishuka humo, yakaosha masizi ya miaka, yakatokeza chumvi ukutani, na plasta yangu ikayafungia ndani. Dawa ni bati lililokunjwa, ukingo wake uchimbiwe ndani ya jiwe. Furaha ilinijaa. Nikapaza sauti, "Nimeipata!" nikarudi nyuma hatua moja.

Bati lilikuwa limeoza kwa kutu. Mguu ulizama hadi pajani, ukatoboa na dari. Buti likachomoka.

Chini yangu mama mkwe, aliyekuwa amejilaza kwa sababu ya mgongo, akapiga yowe. "Mguu! Mguu wa nani huu?"

"Ni wangu, mama," nikajibu, kwa adabu ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

Baba mkwe akaja uani, akainua macho. "Teremka polepole, mkwe. Kiatu chako kiko kitandani. Utaletewa."

Hakucheka. Angecheka, ningebaki.

Nilishuka ngazi, mwiko nikauacha juu, na buti sikulingoja. Nikashika njia ya Keroka, mguu mmoja mtupu. Mke wangu huenda kwao peke yake. Mimi sijarudi.