Tulisimamisha hema la camping uani Kilosa, majirani wakaja wanalia

Wakuu heshima kwenu, na wale mnaosoma kimya kimya bila kuchangia nanyi nawasalimu.

Juzi kuna mdau aliuliza humu kama Mtanzania wa kawaida anaweza kwenda camping mbugani, au ni mambo ya wazungu tu. Nilianza kumjibu kwa comment, ikawa ndefu mpaka nikajionea aibu. Bora nifungue uzi.

Sitatia chumvi. Walioshuhudia wengine bado wako Kilosa na wanajua kusoma, nikidanganya watanisuta hapa hapa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Mitumba imejaa, maduka ya watu binafsi yanafunguliwa kila kona, na kampuni ndogo ndogo za utalii zinachipua kama uyoga. Moja ikaweka ofisi ya chumba kimoja pale Mikumi, barabarani, na mimi nikapata kazi ya kupika kambini na kutunza vifaa. Mahema, magodoro, sufuria, taa za chemli, vyote juu yangu.

Nilikuwa binti mwenye cheti cha form four, na udadisi mkubwa kuliko cheti chenyewe.

Kitu kilichonisumbua ni wageni. Mtu ametoka kwao kwenye nyumba nzuri, kapanda ndege, kaja Mikumi kulala chini. Asubuhi anatoka hemani macho yamevimba, mbu wamemfanyia kazi, halafu anakwambia amelala vizuri ajabu. Nilikuwa nawaangalia siwamalizi.

Nikirudi nyumbani Kilosa namsimulia baba, anaacha kula.

Baba yangu alikuwa mstaafu wa reli. Alitengeneza njia ile ya kwenda Kidatu miaka na miaka, Mikumi anaijua, lakini mbugani hakuwahi kuingia hata siku moja. Na yeye ndiye aliyenirithisha huu udadisi.

"Kwani hao watu hawana vitanda?"

"Wanavyo baba."

"Wamefiwa?"

"Hawajafiwa."

"Basi kuna kitu wanakitafuta huko chini. Kawaulize vizuri."

Vijana mnaweza mkacheka hilo swali la kufiwa, lakini lilikuwa na maana yake. Kwetu mtu mzima halali nje, chini, bila sababu. Ukiona uani kwa watu kuna turubai, mikeka imetandikwa na moto unawaka chini ya sufuria kubwa, huulizi. Unajifunga khanga unakwenda kutoa pole.

Sasa kabla sijaendelea kuna jambo lazima mlijue, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Baba alikuwa na kaka yake, baba mkubwa wetu, mkulima wa Ulaya. Ulaya hii ya kwetu Kilosa jamani, msije mkaniuliza viza. Hao ndugu wawili walikuwa hawasemezani.

Sababu ilikuwa maziko ya bibi, mama yao. Bibi alifia kwetu Kilosa wakati wa masika, njia ya Ulaya imekatika kwa maji. Sisi Waislamu, maiti haikai. Baba akatuma mtu, akangoja mpaka wazee wa msikiti wakamwambia inatosha, akazika.

Baba mkubwa akafika kesho yake, tope mpaka kiunoni, akakuta udongo umeshafunikwa. Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye alipaswa kuwepo.

Hakugombana. Alisema neno moja tu: kwa mdogo wake hatakanyaga tena mpaka siku ya kumzika. Akageuza.

Tangu hapo wakikutana sokoni baba anampa shikamoo, na mwenzake anapita kama kasalimiwa na nguzo. Mnajua kwetu kunyimwa marahaba ni kitu gani. Baba alikuwa anarudi nyumbani hasemi mpaka jioni. Mimi iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa, maana wote wawili walikuwa wanazeeka na hakuna aliyekuwa anamsogelea mwenzake.

Tuendelee.

Bosi wetu alikuja na wazo la watalii wa ndani. Akasema kabla ya kutangaza tujaribu wenyewe, kila mfanyakazi alete watu wawili wa kwao, tulale kambini wikiendi moja. Mimi nikawachagua baba na mama.

Mama alikubali kwa shingo upande. Baba akaweka sharti, lazima kwanza alione hema lenyewe na ajue linasimamaje. Haingii kwenye kitu asichojua kinashikiliwa na nini. Fundi wa reli huyo.

Basi nikaomba hema la zamani, lile kubwa la turubai la kijani, nikalipakia kwenye treni mpaka Kilosa.

Jumamosi asubuhi tukalisimamisha uani. Kaka zangu wawili wanavuta kamba, wanapigilia vigingi. Mimi nimewasha moto wa kuni na kuinjika sufuria kubwa, nataka kumwonyesha mama chakula cha kambini kinavyopikwa. Mikeka tumetandika. Mama kajitanda khanga kichwani kwa ajili ya moshi, na moshi umemwingia machoni, machozi yanamtoka.

Baba? Baba yuko ndani ya hema, amelala chali, anakagua mishono ya juu.

Na wiki ile yote alikuwa kitandani na malaria, siku ile ndiyo kwanza kaamka. Mtaa mzima unajua Mzee anaumwa.

Mnaona inapokwenda.

Jirani yetu Mama Zuhura alichungulia juu ya ua wa mabua. Akaona turubai, akaona moto, akaona mama anafuta machozi, Mzee haonekani. Hakuuliza. Alipiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka stesheni.

Kabla sijafunga mdomo uani wameshajaa watu. Wanawake wameshika vichwa, mmoja kamkumbatia mama anamwambia Mungu ndiye mpangaji. Mama naye, kwa mshtuko, akaanza kulia kweli bila kujua analia nini!

Ikabidi baba afungue zipu, atoe kichwa, aulize kuna msiba wa nani.

Wawili walikimbia. Mmoja mpaka leo anasema alikuwa anawahi maziwa jikoni.

Tulieleza, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Na kwa kuwa chakula kilikuwa kipo hakuna aliyeondoka. Mtani wetu Mama Mkude, Mluguru mmoja mwenye mdomo hasa, akaingia hemani akajilaza, akasema maiti wenu amekataa kufa basi mimi nitakaimu, leteni ubani na wali. Sisi asili yetu Tabora, babu alikuja kwenye mkonge, na mtani akishaamua jambo kwako huna pa kukata rufaa.

Kumbe wakati tunacheka, habari ilishaondoka. Kijana mmoja wa Ulaya alikuwa anapita na baiskeli lile yowe lilipopigwa. Akauliza nani, akajibiwa, akakanyaga.

Alasiri, watu bado wamejaa, baba mkubwa akaingia.

Aliingia na baiskeli mkononi, kanzu imelowa jasho, kandambili moja hana. Mzee wa umri ule. Alituangalia wote, akauliza kitu kimoja.

"Mmeshazika?"

Wakuu wangu! Ndipo nikaelewa alivyokanyaga njia nzima ile. Alikuwa anaogopa kuchelewa tena.

Baba alikuwa kwenye mkeka nyuma ya watu. Akasimama.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," akajibu baba mkubwa.

Ilimtoka. Nadhani mtu akisalimiwa na marehemu hachagui la kujibu. Halafu akakaa pale pale chini na baiskeli ikamwangukia.

Mngetarajia wakumbatiane. Wapi! Alipopata pumzi alifura. Akasema tumemchezea, tumemfanya mtoto, amelia njia nzima mbele za watu. Akainua baiskeli aondoke.

Mama Mkude alishakalia keria.

"Mtani huendi. Umekuja kulala matanga, utalala. Turubai lile pale. Au kwenu Tabora mnaaga msiba kabla haujaisha?"

"Msiba gani, mtu mzima huyu hapa!"

"Hilo si kosa langu mimi. Matanga siku tatu."

Watu wakaanza kucheka tena, na yeye hasira hana pa kuipeleka, maana mtani hakasirikiwi. Hapo mama akaongea. Mama alikuwa mtu wa maneno machache.

"Shemeji, hawa wanakwenda kulala Mikumi na turubai lao. Mimi kulala chini nimelala vya kutosha misibani. Chukua nafasi yangu."

Baba mkubwa akalitazama lile turubai. Mwisho akasema atakwenda, lakini si kwa ajili ya mtu. Anakwenda kuona tembo wanaomaliza mahindi yake wanaishi wapi, akawaambie ana kwa ana.

Wikiendi iliyofuata tukaingia mbugani na Landrova ya kampuni. Wazee wawili kiti cha nyuma, mmoja dirisha la kulia, mmoja la kushoto, mimi katikati kama mpaka wa wilaya.

Niwaambie ukweli, mbuga ile niliizoea, lakini kuiona kwa macho yao ilikuwa mpya. Baba kila kitu anauliza. Pundamilia mbona wote wanene, hata kiangazi? Twiga analalaje? Nyumbu nani anawaongoza? Baba mkubwa haulizi, lakini shingo inazunguka kuliko ya baba.

Kambini wakawekwa hema moja. Kazi ya mawasiliano ikawa yangu.

"Mwambie baba yako asogeze viatu."

"Mwambie kaka viatu viko upande wangu."

Hema lenyewe unavuka kwa hatua mbili! Askari wa wanyamapori aliyetulinda akaniuliza kama hawa wazee wanajuana. Nikamwambia hapana, ni ndugu.

Usiku simba waliunguruma kwa mbali. Mimi hema la jirani nikatega sikio, nione kama hofu itawafanya waongee. Nikasikia kikohozi kimoja tu na mtu kujigeuza.

Asubuhi nimeinjika chai, askari akaja akatuita tusogee taratibu hadi kwenye kichuguu, tusipige kelele. Bondeni kulikuwa na tembo, kama familia hivi.

Baba mkubwa akakunja ngumi. "Ndio hao."

Lakini hawakuwa wanakula. Walikuwa wamesimama kuzunguka kitu. Askari akanong'ona kwamba pale pana mifupa ya tembo mwenzao, wa enzi zile majangili walipokuwa wanawamaliza. Akasema wakipita hapo husimama. Hajui kwa nini, ila ameshawaona mara nyingi.

Na kweli. Jike kubwa alishusha mkonga, akaugusa mfupa taratibu, akaupapasa mpaka mwisho wake. Akautoa. Akaja mwingine akafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Nikageuka kuwaangalia wazee wangu. Walikuwa wamesimama bega kwa bega bila kujua. Ngumi ya baba mkubwa imeshafunguka.

Akauliza, macho kule kule bondeni, na safari hii hakusema mwambie baba yako.

"Nani aliingia kaburini?"

Baba hakuuliza kaburi gani. "Niliingia mimi na wawili wa msikitini."

"Kichwani alisimama nani?"

Mnaojua maziko yetu mnajua. Wanaompokea maiti chini kila mmoja ana pake, na pale kichwani alitakiwa asimame mwanawe mkubwa.

"Hakusimama mtu," baba akasema. "Nilikataa. Wale wawili niliwaweka miguuni, mimi nikakaa katikati, mkono mmoja nikaunyoosha mpaka kichwani. Shehe alinikemea kwamba nitamwangusha. Nikamwambia pale ni pa kaka."

Nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo maneno. Hata mama, nilipomsimulia baadaye, alisema baba hakuwahi kumwambia.

Baba mkubwa akamgeukia mdogo wake.

"Mkono ulifika?"

"Ulifika kaka. Nilimlaza vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka askari akasogea pembeni kwa heshima na tembo wakainua masikio. Baba akamshika mkono. Mimi nikakimbilia chai yangu, maana nilikuwa nalia kuliko wote na hapakuwa na mtu wa kunishika.

Kurudi, nilikaa dirishani. Wao wakakaa pamoja wakibishana juu ya mahindi na tembo, kwa sauti ya juu, bila mkalimani.

Basi mdau uliyeuliza, jibu ni ndiyo, unaweza. Beba blanketi zito, kiangazi Mikumi asubuhi kuna baridi, na chakula usilale nacho hemani.

Wale wageni sikuwahi kujua wanatafuta nini kule chini. Naendelea kudadisi. Nilichojifunza mimi ni kwamba yule mzee hakuwa na kisasi, alikuwa na swali, na alikosa pa kuliulizia miaka yote ile.

Karibuni mchangie, na wa kunicheka anicheke tu. Ila kama kuna ndugu yako hamsemezani na una swali lako limekukaa kooni, nenda kamuulize, hata kama itabidi msingizie kwamba mnakwenda kuangalia tembo.