Fundi Aliyeacha Kuitikia

Kwenye kiwanda cha maziwa anakofanya kazi jirani yangu, watu wote humwita Naam. Si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata wiki yake ya kwanza kazini, kwa sababu kila alipoulizwa jambo alijibu naam, na mara nyingi hakujibu kwa mdomo bali kwa kichwa. Ni fundi wa mitambo ya baridi, mtu mzima mwenye mke na mabinti wawili, mikono yenye makovu ya kuchomea mabomba, na kigugumizi alichokuwa nacho tangu alipoanza kusema.

Naandika habari zake kwa sababu tumezoea kuwasifu wenye maneno. Mtu akiwa na ulimi wa kuteleza tunamwita mwerevu, hata kama ayasemayo ni pumba tupu. Naam hana ulimi huo na hatakuwa nao. Hata hivyo, mtaani kwetu sijui mtu mwingine ambaye maneno yake machache yamenifanya nijivunie kuitwa jirani yake.

Kigugumizi si kosa. Kosa lilikuwa kwenye dawa aliyojitengenezea mwenyewe. Watu hatuna subira. Mtu akikwama kwenye neno, tunammalizia na kujiona wema. Naam aligundua akiwa bado mtoto kwamba akiitikia lolote analomaliziwa, mateso yanakwisha. Basi akawa anaitikia. Kinyozi alimuuliza, "Nipunguze pembeni?" na Naam alipokuwa bado anahangaika na herufi ya kwanza, kinyozi akaongeza, "Au niondoe zote?" Akaitikia, akarudi nyumbani kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Pale kantini alikunywa chai isiyo na sukari miaka na miaka, kwa kuwa siku ya kwanza mpishi alimmalizia kwamba ana kisukari. Mkewe, fundi cherehani asiyeishiwa utani, husema, "Hata mimi sina uhakika kama alinitaka mimi au dada yangu. Baba alimuuliza, 'Unamtaka huyu?' akaitikia."

Tulikuwa tukicheka, na yeye akicheka pamoja nasi. Hakuna aliyejali kwamba kuitikia usichokisema ni namna ya uongo, na kwamba uongo mdogo hukua kama mti wa uani, watu wanaupita kila siku, mpaka unapomwangukia jirani.

Ulimwangukia jirani asubuhi moja ya Jumatatu. Chumba cha baridi kilikuwa kimezima tangu usiku, na maziwa yaliyosubiri kupakiwa yalikuwa yamechacha yote. Naam alifika wa kwanza. Alifungua boksi la umeme, akauona waya ulioungua, akaukata na kufunga mwingine, na mtambo ukanguruma. Kipande kibovu alikitupa pamoja na takataka, na gari la taka likapita likakizoa. Ndipo meneja alipofika. Ni mtu wa haraka, si mtu mbaya. Alisimama mlangoni ameziba pua, nyuma yake wapakiaji wanachungulia.

"Umekuta nini?"

"Swi... swi... swi..."

"Swichi imezimwa?"

Naam alitaka kusema kwamba swichi ilikuwa imewashwa kama kawaida, na waya ndio ulioungua. Maneno yalikwama kama mkokoteni kwenye matope. Wapakiaji walikuwa wakimtazama mdomo. Akaitikia kwa kichwa.

Meneja akageuka. "Nani alikuwa humu usiku?"

Usiku alikuwamo mfagiaji, mama wa makamo ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi. Hacheki ovyo, hamwogopi mtu, na sakafu aliyoipiga deki haipitwi kwa viatu vichafu. Kabla ya mchana alikuwa ameambiwa kwamba alizima mtambo kwa uzembe, akasimamishwa kazi hadi kikao cha nidhamu kitakapokaa. Akikutwa na hatia angefukuzwa, naye alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu kwa heshima.

Habari zilimkuta Naam kantini. Aliiacha chai mezani, akaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

"Sha... Sha... Shangazi ha..."

"Unamwonea huruma," meneja alimalizia, macho kwenye karatasi zake. "Hata mimi namwonea. Lakini kazi ni kazi, au sivyo?"

Na kile kichwa, kama punda aliyezoea njia, kikaitikia tena.

Jioni ile alimweleza mkewe kisa chote, na ilichukua muda. Mkewe akamshauri aandike. Akaandika, akapeleka kwa afisa utumishi. Huyo alisoma, akakuna kidevu, akasema, "Fundi, kwa meneja ulikubali kwamba swichi ilizimwa. Hapa unaandika haikuzimwa. Kikao kitataka kukuuliza uso kwa uso. Njoo useme."

Kikao kilikuwa mwezi uliofuata.

"Usihangaike," mkewe alimwambia. "Nitakuja nikusemee, kama tulivyozoea."

Naam akatikisa kichwa kukataa. Mkewe alinisimulia baadaye kwamba alishtuka. Alikuwa hajawahi kukiona kichwa hicho kikienda upande.

Hospitali ya mji wetu ina chumba kidogo cha tiba ya usemi nyuma ya kile cha mazoezi ya viungo. Unapita kwenye magongo yaliyoegemezwa ukutani, unakaa kwenye benchi, unasubiri. Naam alidhani angewakuta watoto. Aliwakuta watu wazima wenzake: mzee aliyenyang'anywa maneno na kiharusi, ameshikwa mkono na mkewe, na mwalimu ambaye sauti ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele darasani. Mtaalamu wa tiba ya usemi alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, amevaa raba, hana tabasamu la bure.

"Unataka nini, baba?" aliuliza. Kisha akasubiri.

Hakumsaidia. Hakutazama saa wala mdomo wake, alimtazama machoni. Naam alitokwa na jasho kana kwamba amebeba friji mgongoni.

"Ni... ni... nipone."

"Kupona sikuahidi. Mimi siuzi dawa za barabarani. Nitakufundisha kusema ukiwa na kigugumizi. Na nikuambie ukweli, kigugumizi chako si kikubwa hivyo. Kikubwa ni kukimbia."

Alimfundisha kuiacha pumzi itangulie, na kuigusa herufi ngumu kwa ulimi mlegevu, badala ya kuisukuma kama mtu anayevunja mlango. Alimfundisha kutoinamisha macho anapokwama, na kuwaambia watu mapema kwamba ana kigugumizi kabla hawajaanza kushangaa. Lakini kazi ya kwanza aliyompa ya kufanya nyumbani ilikuwa neno moja tu: hapana. Aende dukani. Wakimmalizia vibaya, aseme hapana. Wakimmalizia vizuri, aseme neno lake vilevile, kwa mdomo wake.

Mke naye aliitwa ndani. "Na wewe, mama, dawa yako ni kunyamaza."

"Nimekuwa mdomo wake tangu nilipoolewa, leo nifunge duka?"

"Ufunge."

Si kazi rahisi kwa mwanamke yule, na nampa heshima yake. Kila Naam alipoanza sentensi, yeye alijaza mdomo pini za kushonea, akajifanya anapima pindo. "Siku ya kwanza nusura nizimeze," aliniambia.

Duka la mtaani kwetu lina mwenye duka mmoja asiyejua kungoja. Naam alimwendea akiwa na shida ya sabuni.

"Sa... sa..."

"Salama, fundi, sijui wewe."

"Ha... hapana. Sa..."

"Samli?"

"Hapana."

"Sahani? Saruji siuzi. Wanangu, leo fundi ana mtihani." Wateja walicheka. "Sabuni?"

Hapo Naam wa zamani angeitikia, akalipa, akaondoka. Naam alishusha pumzi, akamtazama. "Sa... sabuni."

"Si ndilo nililolisema?"

"Sa... sasa nimelisema mi... mimi."

Mwenye duka alimpa sabuni yake, akawageukia wateja, akasema, "Mzee wa naam leo kajibu mbovu." Naam alitoka na sabuni yake. Siku iliyofuata alirudi kununua kiberiti. Kantini alimwambia mpishi kwamba hana kisukari na hajawahi kuwa nacho. Mpishi alishika kiuno. "Miaka yote hiyo, ndugu yangu, nakuhurumia bure?" Kwa kinyozi alikwama vibaya, akashindwa, akanyolewa zote. Sitaki kumfanya msomaji aamini kwamba mambo hunyooka kama kamba iliyovutwa. Alhamisi moja alimwambia mtaalamu kwamba haendi kwenye kikao. Mtaalamu hakumbembeleza. Alimuuliza tu, "Usipokwenda, nani atakumalizia safari hii, na atakumalizia na nini?" Naam akaondoka. Lakini Alhamisi iliyofuata alikuwa kwenye benchi kabla ya mlango kufunguliwa.

Yaliyotokea kwenye kikao niliyapata kwa katibu wa chama cha wafanyakazi, aliyekuwamo chumbani. Mezani walikaa mwenyekiti, mama mmoja mtulivu kutoka makao makuu ya kampuni, pamoja na meneja, afisa utumishi na katibu mwenyewe. Shangazi alikaa peke yake upande wa pili, kitambaa cha kichwa kimefungwa imara, mikono juu ya mapaja. Naam aliitwa. Alikataa kiti, akasimama.

"Ni... nina kigugumizi," alisema. "Ni... nitachukua muda. Naomba m... msinimalizie."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Tunakusikiliza, fundi," mwenyekiti alisema. "Asubuhi ile ulikuta nini?"

"Swi... swi... swi..."

"Swichi ilikuwa imezi..." meneja alianza, kwa mazoea tu.

"Hapana."

Katibu anasema neno hilo lilitoka bila kukwama hata kidogo, na Naam mwenyewe alionekana kulishangaa. Kisha akarudi nyuma kulichukua lile gumu. Pumzi kwanza, ulimi mlegevu, macho kwa mwenyekiti.

"Swichi i... ilikuwa imewashwa. Wa... waya wa ndani uliungua. Ni... niliukata mimi, ni... nikaweka mwingine."

"Mbona ulimwambia meneja kwamba ilizimwa?"

"Si... sikumwambia. Ali... alisema yeye, mi... mimi nikaitikia."

Angeweza kukomea hapo, na lawama yote ingebaki upande wa meneja. Wengi wetu tungekomea hapo, tena tungetoka tukijipongeza. Naam alikuwa bado na sentensi moja, na ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Meneja alifungua mdomo, akaufunga. Wote walingoja.

"La... lakini kuitikia ni ku... kusema. Nilisema uo... uongo kwa ki... kichwa. Mara mbili. Ko... kosa ni langu. Shangazi ha... hana kosa."

Kisha meneja naye, kwa haki yake, akasema kama mwanamume. "Nilinusa harufu ya mpira wa waya ulioungua mlangoni pale. Sikuuliza. Na nilimharakisha. Hilo ni kweli, nilimharakisha."

Kikao hakikuchukua muda mrefu baada ya hapo. Shangazi alirudishwa kazini, jina lake likasafishwa. Naam alipewa onyo kwa kutoa taarifa isiyo sahihi, na ninasema wazi kwamba alistahili. Mtu kukiri kosa si sababu ya kumfutia. Ni sababu ya kumheshimu wakati unampa haki yake. Yeye mwenyewe aliona hivyo hivyo. Jioni mtaani mkewe alikuwa akitangaza mlango kwa mlango, "Wa wenzangu huleta zawadi kutoka kazini. Wangu kaleta onyo, na nimempikia kama bwana harusi."

Nilimpa mkono Naam siku ile, nikamwambia ninajivunia ujirani wake. Alichukua muda kunijibu. Nilingoja, na ni aibu yangu kwamba nililazimika kujikumbusha kungoja.

Ilikuwa imebaki kazi moja, ambayo hakuna kikao kilichomwagiza. Shangazi aliporudi, Naam alimfuata kwenye korido ndefu inayoelekea chumba cha baridi. Alikuwa anapiga deki. Hakuinua kichwa.

"Shangazi."

"Sema."

Alikwama kwenye neno la kwanza, akakwama kwenye la pili. Wapakiaji walipita na makreti, wakapunguza mwendo kusikiliza, na Shangazi akawafukuza kwa macho. Aliweka ndoo chini, akauegemea mpini wa deki kwa mikono miwili, akamwacha aseme. Naam alimwomba radhi kwa asubuhi ile ya Jumatatu, na kwa siku zote alizokaa mama huyo nyumbani akiitwa mzembe na watu waliomjua. Yalikuwa maneno machache. Maji ya sabuni yalianza kukauka ukingoni mwa ukuta kabla maneno hayo hayajaisha.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza.

Naam alifikiri kidogo. "Nime... nimemaliza."

"Nimekusikia, mwanangu. Nilikuwa nimekukasirikia sana, na sasa basi." Akachukua ndoo yake. "Haya sogea, sakafu bado mbichi."