Mpunga wa Somoe

Niliondoka Mtwara kwa ajili ya mtu mmoja, jirani yangu Somoe. Tulikaa mtaa wa Chuno, ukuta kwa ukuta. Mume wangu alikuwa karani bandarini, mume wa Somoe akipakia magunia palepale. Mimi ni Mkristo wa Kyela, yeye Mwislamu wa upande wa Ruvuma, na miaka yote hiyo tulikopeshana chumvi kuliko tulivyozungumza dini. Kisha yeye na mume wake na watoto walikwenda likizo kijijini kulima mpunga, mume akashikwa na homa, akafa hukohuko. Eda ikamkuta Somoe kwa mama yake. Habari zilizonifikia zilisema kwamba hazungumzi na mtu, na akifungua kinywa husema neno moja tu: Mungu kanisahau.

Neno lile liliniuma kama limesemwa juu yangu. Nikawaaga wanawake wenzangu wa kanisa kwamba nakwenda kumwambia si kweli. Wakaniombea, na mmoja akanikumbusha nisirudi bila kumshuhudia imani yetu. Mume wangu alisema, "Nenda, Mama Tuntufye. Ila usimchoshe mfiwa kwa maneno." Ananijua.

Asubuhi nilipanda lori la mwenye duka mmoja, nikakaa juu ya magunia ya chumvi. Tulipita bandari, meli imesimama kimya kwenye maji yasiyo na wimbi, kisha mikorosho ikatupokea pande zote mbili. Masika yalikuwa yanaisha. Ukungu ulilala barabarani, na kila tulipouingia nilipoteza habari ya mwendo. Nilijiona nimekaa mahali pamoja, na miti ndiyo inayosafiri. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia Somoe. Yalikuwa mazuri sana.

Mchana lori lilituacha upande wa Mahurunga, nikashuka bondeni kwa miguu. Hapo Ruvuma inakaribia bahari, na maji hayajui yaende wapi. Bahari ikijaa huyasukuma yarudi juu kupitia mikokoni, ikipwa huyaachilia, na mashamba ya mpunga yanapumua pamoja nayo. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita wakati ule. Mara moja moja kishindo kilisikika kwa mbali, wala hakuna aliyegeuza shingo.

Nilipiga hodi, akatoka Bi Hawa, mama yake Somoe, mzee mwenye miguu iliyovimba.

"Poleni na msiba, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu. Karibu. Ntu wako yumo ndani."

Somoe alikuwa ameketi mkekani katika chumba cha giza, amekonda, tasbihi mkononi. Alinipa mkono, akageukia ukuta. Nikaanza yale maneno yangu mazuri. Sikufika mbali.

"Unasikia?" akaniuliza.

Nikasikiliza. Nje kulikuwa na mvumo, kama mvua inayokuja.

"Ndege hao. Wanakula mpunga wangu. Niliulima na marehemu. Mimi siwezi kutoka, mama hawezi kutembea, na kila mtu ana shamba lake. Ndege huja kwa wote saa ileile. Ukiisha huo, wanangu watakula nini? Nawe unaniambia hajanisahau."

Mwenye njaa huwezi kumfariji kwa harufu ya chakula.

Bi Hawa alikuwa mlangoni. Nikamwuliza shamba liko wapi.

"Kule kwenye dungu," akanionyesha ulingo wa miti ulioinuka katikati ya mpunga. "Utaweza, mwanangu? Wewe ntu wa njini."

Nikafunga kanga kiunoni, nikashuka.

Sasa niseme kwamba Kyela ni nchi ya mpunga, nami nimelelewa juu ya dungu. Nilipoolewa na karani nilijua nimeachana na ndege milele. Kumbe mikono haisahau. Tope lilinifika magotini, nikafinyanga madonge, nikatafuta kombeo, nikaifunga upya kamba ya makopo iliyokuwa imekatika. Kuamia ndege wasile mpunga hakutaki akili, kunataka sauti, kwa hiyo nikaimba wimbo wa kanisani wa mama yangu, kwa Kinyakyusa, kwa nguvu zote. Sauti yangu si nzuri. Ndege waliliona hilo mapema.

Siku zilizofuata zilikuwa kama ndoto moja. Alfajiri nilipanda dungu kabla ndege hawajaamka, giza lilipoingia nikashuka. Katikati kulikuwa na jua, mvuke na mpunga unaoinama na kuinuka, hata nikawa sijui kama niko Ruvuma au kwetu. Mara nyingine nilimwona mama yangu kwenye dungu la pili akinifanyia ishara nisilale. Nilikuwa na furaha, na niliona haya kuwa na furaha katika msiba wa mwenzangu. Neno la Mungu sikulisema kwa mtu. Jioni nilikuwa hoi, nakula nalala.

Jioni moja Somoe aligeuka kutoka ukutani.

"Mama Tuntufye, wimbo huo wa kutwa nzima unasemaje?"

"Unasema Mungu anamjua kila ndege. Hata kadogo kakianguka anajua. Basi sisi atatusahau vipi?"

Akaiweka tasbihi mkekani.

"Mungu anawajua hao ndege, na wewe mchana kutwa unawatupia matope?"

Akacheka. Bi Hawa aliacha kupepeta akaja kuchungulia, maana kicheko kilikuwa kimepotea ndani ya nyumba ile. Kisha kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka ukuta wa chumba ukaitika. Nikamshika.

"Ndege anajulikana," akasema alipopata pumzi. "Na mpunga wangu je?"

"Mpunga wako nimetumwa mimi."

Sikuwa nimelipanga jibu hilo. Lilikuja lenyewe.

Mpunga ulipovunwa niliagana na Somoe na mama yake. Lori la kurudi lilikuwa tupu, nikalala ndani yake hadi bandarini. Wanawake wa kanisa walikuja kuniuliza kama nilimshuhudia. Nilisema sijui, niliamia ndege. Mmoja aliguna.

Eda ilipokwisha, Somoe alikuja Chuno na kikapu cha mchele kichwani. Ikawa ndiyo siku wanawake wale wamekaa uani kwangu. Akasalimu, akaketi pembeni ya mkeka na tasbihi yake. Ni Mwislamu hadi leo, na sala zake hazimpiti. Nikawaambia ndiye Somoe.

"Mwenzenu huyu aliniambia Mungu hajanisahau," akawaambia. "Wengi walikuwa wameniambia hivyo, na masheikh pia, wala sikuwasikia. Yeye nilimwamini kwa sababu alikuja na tope mpaka magotini."

Nilielewa siku ile kwamba yale maneno yangu mazuri yalifika kwa Somoe kwa njia ya shambani, na kwamba hakuna njia nyingine ambayo yangepitia.

Yule aliyeguna ndiye aliyesema wa kwanza. Alimwuliza Somoe kama mpunga wa mwaka ujao umekwisha kupata mtu wa kuulinda.