Neno la Kwenye Rola

Mama Pedali alikuwa mtu wa kushuku, tena kushuku kwa bidii. Umwamkie kwa uchangamfu, atajiuliza unataka nini. Umpite kimya, basi ulikuwa unamsengenya. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, na mtu aliyefua nguo za watu nusu ya maisha yake nani angembishia?

Alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye mashine ya kunyoosha mashuka. Mmoja analisha shuka kwa mikono, mwenzake aliyeketi anakanyaga pedali, rola mbili za moto zinalimeza. Pedali ilikuwa yake, na kiti kilikuwa chake. Magoti yalishamchoka; akinyang'anywa kiti kile kazi imekwisha, na nyumbani mumewe hajiwezi.

Wenzake walitoka kila pembe ya dunia, na kwa kelele za mle hata wa lugha moja hawasikilizani. Wakabaki na neno moja dogo: "na". Mlishaji akishatoa vidole anasema "na", ndipo mguu unashuka. Alikuja nalo Twiga, mwanamke mrefu aliyelisha mashuka. Kwao ni kama kusema shika. Yule wa kukunja taulo akalidaka, maana kwao ni tayari. Wa aproni alizoea kulitia mwisho wa swali, kama sisi na "sivyo?". Wa foronya, kwao ni mimi. Mama Pedali aliwahoji mmoja mmoja, akidhani anatukanwa. Aliporidhika akawaambia kwetu halina makuu, linaunganisha watu tu: mimi na wewe. Hakuna bango lililoandikwa hayo. Mwenye pedali ndiye humfundisha mgeni.

Basi msimamizi akamleta binti mmoja mpole, miguu imara. "Shangazi, mfundishe pedali huyu."

Damu ikamchemka. Mtu anafundishwa kazi yako kwa nini, kama si kukutoa? Na upole ule ulimzidishia wasiwasi. Paka anayenyemelea naye ni mpole. Akamfundisha kufuta rola, kuweka kisigino, kusikiliza mota ikikoroma vibaya. Kile kineno akakimeza. Akiunguza mashuka mawili matatu, alijiambia, watamrudisha alikotoka. Alifikiria mashuka. Vidole hakuvifikiria, au tuseme hakutaka, maana mjinga hakuwa.

Kesho yake msimamizi akamhamishia kwenye taulo, binti akaketi kwenye kiti. Mama Pedali akawa anakunja huku jicho liko kule. Twiga akalaza shuka, akaona kikunjo, akainama kukinyoosha. Binti akaona shuka liko sawa, akakanyaga.

Twiga alipiga yowe. Mama Pedali, magoti na yote, alikuwa wa kwanza kufika kwenye kitufe chekundu cha ukutani. Mashine ikazima. Vidole viwili vya Twiga vilikuwa vimebabuka kwenye ncha.

"Nilikuwa sijasema," Twiga alisema, mkono uko kwenye maji.

"Hujasema nini?" binti akauliza, machozi yanamtoka.

Kelele zilikuwa zimezimika pamoja na mashine, kila mtu alisikia. Twiga akageuka, akamtazama Mama Pedali, na Mama Pedali akaokota taulo ambalo halikuwa limeanguka.

Msimamizi alimhamisha binti. "Rudi kwenye pedali, Shangazi. Nilitaka upate wa kukushikia siku za kumpeleka mzee kliniki, basi."

Akarudi kwenye kiti chake, alichokipigania. Hakuna aliyekuja kulisha shuka. Wa foronya akajifanya anatafuta kitu. Twiga, bandeji mkononi, alisimama pembeni mikono kifuani.

"Njoo, mwenzangu," Mama Pedali alisema. "Si unajua nangoja mpaka useme?"

"Mimi sijui tena unangoja nini," Twiga alimjibu. "Vidole vyangu hivi bado navihitaji."

Walisimama hivyo mpaka msimamizi akachoka. Akavuta ndoo, akaipindua, akaketi kando ya pedali, macho kwenye mguu wa Mama Pedali, na Twiga akamwuliza mara mbili kama anaona vizuri. Ndipo akaingiza shuka.