Kichupa cha Salumu

Siku ile haijanitoka, mwanangu, wala sitaki initoke. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani nyumbani kwetu Zinga, sitoki ila kwa kufunikwa. Mdogo wangu Salumu, wa miaka kumi na moja, ndiye aliyekuwa akiniletea habari za nje: nani kachapwa shuleni, nani kawashinda wenzake kupiga mbizi katika bwawa la mpunga.

Siku hiyo alikuja na kichupa kitupu cha marashi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umenywea hivyo?"

Dresa wa serikali, yule msaidizi wa daktari, alikuwa amefika shuleni, akataka kila mtoto alete mkojo wake kesho asubuhi. Atakayeonekana na damu atachomwa sindano, tena si moja, za majuma kadhaa. Na Salumu alikuwa akikojoa damu tangu masika. Kwetu hakuna aliyeshtuka. Baba alicheka, akasema kijana amepevuka. Wavulana wenzake karibu wote walikuwa hivyo, na asiyekuwa nayo walimwona bado mtoto. Kumbe kilikuwa kichocho, walikitoa katika maji yale yale ya bwawa.

"Nijazie wewe, dada. Wako mweupe."

Nikamjazia. Nilimpenda, nikadhani ninamwonea huruma. Kesho yake alirudi anarukaruka: wenzake wamepangwa kuchomwa, yeye kaambiwa mzima. Jioni akaenda zake bwawani.

Wenzake walilia kwa sindano zile, wakapona. Salumu hakuwahi kuoa. Alipofikia ujana alivimba uso, kisha miguu, na mkojo ukawa unatoka kwa matone huku akiuma kanga yangu asipige kelele. Hospitali walituambia figo zimekwisha, wakauliza kama hakuwahi kupimwa alipokuwa shuleni.

"Alipimwa," mama akajibu. "Alionekana mzima."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo ubavuni mwake. Mama amekufa hajui habari ya kichupa.

Basi, mwanangu, mwanao akikojoa damu usicheke, wala usimfichie. Mzuie na maji ya bwawani, mpeleke akapimwe, na kichupa ajaze mwenyewe, wewe ukimwona kwa macho yako. Akiogopa dawa, mshike mkono, alie mpaka amalize. Mimi sikuweza kuvumilia machozi ya siku moja.

Mwenyezi Mungu akulindie wanao, awakuze uwaone wakioa na kuolewa, na akujaalie huruma isiyofanana na yangu. Amina.